Mbu wa Sista Kioo

Itangazwe leo, na asiyesikia aambiwe na jirani yake: katika mtaa huu hakuna kunguni. Hakuna viroboto, hakuna chawa, na kupe hajulikani hata kwa sura. Kwa miaka thelathini na mmoja wakazi wote wameumwa na mdudu mmoja tu, mbu, tena mbu mwenye adabu zake. Ushahidi upo zahanati, kwenye kadi za wagonjwa, kwa mwandiko wa muuguzi mmoja.

Muuguzi huyo walimwita Sista Kioo, kwa ajili ya kioo cha kukuzia alichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Mgonjwa akikaa kwenye benchi la chumba cha sindano, Sista alimgeuza mkono taratibu kama mtu anayechagua nyanya, akaweka kioo, akachungulia. Kisha akajua. Vipele vitatu vimejipanga mstari: huyo kunguni, kala, kasogea, kala tena. Madoa madogo yamejazana vifundoni: viroboto, muulize kama anafuga paka. Kipele kimoja hapa, kingine kule, mahali ambapo shuka halikufika: hapo ndipo mbu mwenyewe alipopita. Nyigu huchoma akaondoka na mwiba wake. Nyuki huuacha, na kifuko cha sumu juu yake bado kinapwita.

Hakuwa anakosea. Shida yake haikuwa kujua. Shida ilikuwa kuandika.

Maana kadi hubebwa na mgonjwa mwenyewe, kutoka dirisha hadi dirisha, na foleni ina macho. Mwaka wake wa kwanza kazini, Sista aliandika "kunguni" kwenye kadi ya mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha. Kabla ya wiki kwisha vyumba vinne vilikuwa vitupu, na mama yule hakumsalimia tena hadi alipoingia kaburini. Tangu hapo Sista aliandika mbu, na ukweli akaunong'ona sikioni: "Godoro litoe juani, mwanangu. Kitanda kimwagie maji ya moto kwenye maungio." Watu walimpenda. Nani asiyempenda anayeijua aibu yako akafumba mdomo?

Miezi minne iliyopita, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa miaka sabini na mmoja, alikuja zahanati kwa mlango wa nyuma, macho yamevimba hadi yamefumba. Alikuwa ametia mkono kwenye mzinga wa nyuki wa jirani yake, fundi baiskeli.

"Sista, nusu ya mtaa huu nimewafundisha mimi kutoiba," alinong'ona.

"Na nusu nyingine?"

"Andika mbu, dada yangu. Nakuomba. Fundi asijue."

Sista akakwangua miiba sita kwa ukucha. Lakini alipomvua shati aliona mabaka yametapakaa kifuani mpaka mapajani, mahali ambapo hakuna nyuki aliyefika. Alijua maana yake. Mwili wa mzee huyu ulikuwa umefanya uadui na nyuki, na uadui wa namna hiyo ukirudi mara ya pili huenda usibishe hodi. Akamwambia hivyo, wazi. Akamwapisha asiukaribie mzinga tena. Naye Sista akaapishwa asiseme. Halafu akachukua kalamu akaandika: mbu.

Alhamisi, saa nne asubuhi, fundi baiskeli aliingia zahanati mbio, mikono imejaa grisi, Mwalimu mgongoni.

"Nimemkuta kaanguka nyuma ya uzio wangu! Nadhani alikuwa anakuja kunisalimia!"

"Kwa nyuma?" aliuliza mke wa Mwalimu, aliyefika akihema, ndala moja mguuni na nyingine mkononi.

Walimlaza. Midomo ilikuwa imevimba, kifua kinapiga filimbi kama birika, na mapigo ya moyo yanakimbia kwa udhaifu. Daktari alikuwa kijana, wiki ya tatu kazini.

"Ana pumu, mama?"

"Hana."

"Amekula nini?"

"Chai kavu tu, baba. Aliaga anakwenda kunyoosha miguu."

Daktari alikuwa ameshavuta adrenalini, dawa ya mzio mkali, kwenye bomba la sindano. Akaigeuza kadi ya Mwalimu, akasoma, akasita. "Hapa kuna mbu tu. Mbu hafanyi haya. Na moyo wake una historia ya ugonjwa. Nikimdunga kwa kubahatisha, nitamuua mimi."

Sista Kioo alimtazama fundi, aliyekuwa amemwinua rafiki yake miguu kama alivyoagizwa, akimwita kwa sauti ya chini, "Mwalimu, Mwalimu wangu." Akamtazama mke. Miezi mitatu tu ilikuwa imebaki yeye Sista astaafu, na kamati ya zahanati ilikuwa imeshanunua kitambaa cha kumzawadia.

"Kadi inasema uongo," alisema. "Niliandika mimi. Walikuwa nyuki, sita, wa mzinga wa fundi huyu, na alivimba mwili mzima. Mdunge."

Sindano ikazama pajani, juu ya suruali. Sista akafungua ukosi wa shati na kupitisha kioo. Chini ya sikio, mwiba mmoja. Mmoja tu. Akaukwangua.

Mke aliketi chini sakafuni. Fundi aliutazama mwiba ule kwenye pamba, kisha akaitazama miguu aliyoishika. Hakuiachia.

Ilipita kama dakika saba ndipo filimbi ya kifua ilipoanza kulegea. Daktari akanawa mikono, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Sista, kadi ngapi zina mbu wa namna hii?"

"Zote."

"Zote?"

"Isipokuwa za walioumwa na mbu kweli."

"Itabidi niripoti, mama."

"Ripoti, mwanangu. Hata mimi ningeripoti."

Kesho yake asubuhi Mwalimu, aliyelazwa kuangaliwa, alikuwa ameketi kitandani, uso umemrudia, na hotuba ameitunga. Fundi alikaa kwenye stuli pembeni, mikono amefumbata. Sista alipoingia, Mwalimu alijikohoza.

"Dada yangu, umetoa mhanga heshima yako ili mimi nipumue. Vizazi vitalitaja jina lako. Nami natamka mbele ya jirani yangu mpendwa kwamba nilikwenda pale, mara zote mbili, kwa nia safi ya kuchunguza maisha ya yule mdudu mchapakazi, kwa manufaa ya elimu."

Fundi aliangalia dari. Sista Kioo akafungua kadi mpya na kuondoa kifuniko cha kalamu.

"Ulitia mkono upi?"