Blanketi la Mzee Anania

Siku hizi kila hotuba ina neno heshima, na wanaolipigia kelele ndio hao wasiojua hata kumpisha mtu njiani. Sekela wa Iyunga hakulitaja. Aliishi nalo tu.

Tangu aolewe na Fanueli, hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake, Mzee Anania. Ndivyo Wanyakyusa wa kwao walivyolelewa: mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala halitamki jina lake. Mzee akitokea, Sekela alijitosa migombani na kujifunika khanga mpaka apite. Aliijua miguu yake tu, mipana, kidole gumba kimoja hakina kucha. Mzee naye alimstahi. Kila alipokaribia ua wa mwanawe alianza kuimba wimbo wa kanisani, vibaya mno, ili mkamwana apate nafasi ya kukimbia. Sekela alikuwa akicheka peke yake huko migombani. Walipendana wale watu, jamani, bila kuonana.

Mwaka wa sabini na tatu Fanueli alikuwa mbali, akijenga reli. Dada yake, Atupele, ndiye aliyemtunza mzee, lakini alikwenda msibani Tukuyu na mvua ikamkalisha huko. Huku nyuma mzee akabanwa na kifua.

Asubuhi Sekela aliweka uji mlangoni kwake akaondoka. Mchana aliukuta umeganda, haujaguswa. Akiingia, ukoo utasema hana adabu, na Fanueli anaweza kumrudisha kwao. Asipoingia, mzee atakufa. Alijifunika khanga usoni, akaingia.

Mzee aliposikia hatua alivuta blanketi mpaka juu ya kichwa. "Nimejifunika, mama," alisema kwa shida. "Usiogope."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia.

Ikawa hivyo kila siku. Sekela aliweka uji, akageuka, mzee akanywa, akajifunika tena. Majirani walioombwa kumbeba mpaka zahanati walisema wangoje mto upungue. Pumzi chini ya blanketi ikazidi kuwa nzito. Sekela alitamani kulifunua mzee apate hewa. Mkono wake ulifika kwenye pindo, ukarudi. Ulifika tena, ukarudi. Mwishowe pumzi haikusikika. Hata hapo hakulifunua, alikimbia kumwita jirani.

Atupele aliporudi alimkabili mbele ya waombolezaji. "Umeingia kwa baba, Sekela? Umemtazama? Huna hata haya!"

"Sijamwona, wifi."

"Utamuuguzaje mtu usimwone? Unatufanya watoto?"

Hakuna aliyemwamini. Watu walipopanga foleni kumuaga marehemu, Sekela alisogea mpaka karibu na jeneza, kisha akaligeuzia mgongo, kama alivyozoea. Wanawake wakanong'onezana kwamba aibu inamsuta. Iliuma, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa akimuaga.

Baada ya matanga Fanueli alimkuta jikoni, akaketi mlangoni.

"Niambie mimi, mume wako. Ulimwona baba?"

"Sikumwona, baba Gwamaka."

"Basi nakuamini. Umenitunzia heshima yangu."

Alidhani amemfariji. Sekela aliangua kilio ambacho hata msibani hakukilia.

"Laiti ningemwona," alisema. "Lilikuwa blanketi tu, baba Gwamaka. Na mikono ninayo."