Akina Mendeli wa Kaloleni

Enzi zetu Kaloleni, Nairobi, jina halikuwa kitu cha kuokota kwenye simu. Jina lilikuwa la mtu, na mtu huyo alikuwa na haki ya kukubeba. Mliokulia pale mnanielewa. Mnakumbuka zile nyumba zilizozunguka nyasi, moshi wa makaa jioni, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota, redio moja ikisikilizwa na majirani wote, na sisi tumejaa vumbi mpaka kope, tunacheza bano kwa gololi na kalongolongo ya baba na mama hadi mama aite.

Mimi nikiitwa, wenzangu walicheka. Kina Kamau tulikuwa nao tele, kina Mutua vilevile, lakini Mendeli alikuwa mmoja. "Mende! Mende! Rudi kabatini, taa imewashwa!" Nilijibu kwa ngumi, na sijutii.

Kwetu Wakikuyu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la ndugu ya baba. Mwenye jina humbeba mtoto na kumtolea zawadi, ndipo jina linashika. Mimi ni wa tatu, na baba yangu hakuwa na ndugu. Wazee wakamwambia atafute jina kwa binamu zake, akakataa. Alisema mtu aliyeishi naye kama ndugu ni mmoja tu, mwenye duka alikofanya kazi. Ndivyo nikawa Mendeli.

Mendeli mwenyewe alikuwa Myahudi. Aliuza blanketi, vitambaa, nyuzi na taa za mafuta katika duka refu lenye giza, upande wa mtoni. Habari za ukoo wao baba alitusimulia tukiwa tumelala chini, usingizi unatuchukua, nami sijui hata leo ni kipi nilisikia na kipi niliota. Baba yake Mendeli aliteremka melini Mombasa na sanduku la sindano, akaifuata reli akiuza nyuzi njiani, mpaka akafika Nairobi ikiwa tope tupu. Ndugu zake Mendeli walibaki kwao ng'ambo, kwenye theluji. Walisema Afrika ni mbali.

Ijumaa duka lilifungwa jua likiwa bado juu, maana Sabato yao huingia likizama. Jumamosi watu wale hawakuwasha moto, kwa hivyo baba alikwenda nyumbani kwao kuwawashia jiko, akarudi na kipande cha mkate uliosukwa kama nywele za msichana. Nikifumba macho nauona, wa rangi ya asali, umefungwa kwa karatasi.

Lakini baba hakuwahi kumwambia Mendeli habari yangu. Aliona haya. Mfanyakazi atamwambiaje tajiri kwamba amemfanya ndugu? Mama hakumwacha apumue. "Baba Njoroge," alimwita kwa jina la kaka yangu wa kwanza, "huyu mtoto hajabebwa na jina lake. Anakua kama kitu cha kuazima." Kisha ikasikika kwamba Mendeli ameuza duka, yeye na mkewe na binti zao wanahama kabisa. Asiponikubali sasa, jina langu litapanda meli na kuniacha.

Ijumaa iliyofuata mama alinisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka nikawaka. Nikavalishwa shati la kaka yangu, baba akanishika mkono, tukatembea mpaka mjini.

Duka lilikuwa limebaki rafu tupu na harufu ya blanketi mpya. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, miwani juu ya paji la uso.

"Bwana Mendeli," baba akasema, "nimekuletea wajina wako. Anaitwa Mendeli. Nilimpa jina lako."

Nikainua mikono nibebwe. Mzee akashika meza.

"Kamau, mimi nakufa?"

"La, Bwana!"

"Kwa nini wewe napa mtoto jina yangu? Mimi iko hai! Kwetu jina ni ya mtu amekufa. Wewe napa mtoto jina ya mtu hai, wewe naita kifo!"

Maskini baba. Alileta heshima, ikapokelewa kama jeneza. Akaanza kunivuta turudi. Nami, kwa akili ile ya kitoto, nikajua nikivuka kizingiti nitakuwa sina jina.

Mke wa mzee alitoka nyuma ya pazia. Hakututazama sisi. Alimsemesha mumewe kwa lugha yao, polepole, jina baada ya jina, kama anayewaita watu waje kula. Mzee akajifuta macho. Baadaye baba aliniambia yale yalikuwa majina ya ndugu zake, waliouawa kule katika vita vya Wajerumani, pamoja na wake zao na watoto. Hakubaki hata mvulana mmoja.

"Kamau," mzee akasema, "mtoto hii si ya mimi. Mendeli ni jina ya ukoo, ya ndugu zangu pia. Ya baba yangu. Basi iwe yao."

Akanibeba. Ndevu zake zilinuka tumbaku.

"Sasa kwenu mimi natoa nini?"

Baba, haya yote imemwisha: "Mbuzi."

"Mbuzi!" Mkewe akacheka, machozi bado yanatiririka.

Ndipo Kaloleni ikaona maajabu: Myahudi ana tai shingoni anateremka kwenye pikapu na mbuzi kwa kamba, mbiombio, jua la Ijumaa lisimzamie. Mama alisimama mlangoni kama malkia.

"Karibu, shemeji!"

Hakuna mtoto aliyetaja mende jioni ile.

Walikwenda zao, sikuwaona tena. Mimi shule ilinishinda mapema, nikapiga nyundo kwa mafundi wa soko la Gikomba mpaka nikajenga nyumba yangu ya mawe. Karakana yangu ina kibao: MENDELI NA WANAWE. Wateja huuliza kama mwenyewe ni Mzungu. Nawaambia mwenyewe ndiye huyu, lete kazi.

Vijana wa leo? Mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa, mwanangu alitaka kumpa jina la mchezaji mpira ambaye hata hamjui. "Mzee, jina ni jina tu, bana!" Siku hizi jina halina mtu ndani. Linachaguliwa kabla shangazi hawajafika hospitali, na hakuna anayetoa mbuzi. Nilikataa, nikashinda, naye akaitwa Mendeli.

Jioni nikimwita kutoka mlangoni, sauti yangu huisikia ikivuka ua, ikienda mpaka kwenye theluji nisiyowahi kuikanyaga. Kule hakuna wa kuitika. Anaitika huyu, miguu imejaa vumbi, anauliza kama chakula kiko tayari.