Soli Chafu Hazipandi Kisiwani

Wenzake kazini walimwita Mama Brashi, baadhi kwa mapenzi, baadhi kwa kuchoka naye. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wanafunzi wa vyuo kwenye kisiwa kidogo kilichozaliwa na volkano, mwendo wa saa tatu kwa boti kutoka bandarini. Huko walijifunza kwa mikono yao. Walimpima mabawa ndege mdogo wa kahawia asiyejua kuruka, wakamtia katika mfuko wa kitambaa wajue uzito wake, wakaandika, kisha wakamwachia akimbie zake. Ndege huyo hatagi mahali pengine popote duniani. Hutaga juu ya changarawe nyeusi, mahali pa wazi, kama mtu asiyejua kwamba duniani kuna wezi.

Lakini kabla ya kukanyaga kisiwa, kila mgeni alikaa kwenye benchi la boti, akavua viatu na kusugua soli kwa brashi ndani ya beseni la maji ya dawa. Kisha aligeuza mifuko ya suruali nje na kukung'uta pindo. Mama Brashi alikagua kila soli kwa kidole. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini, wakati mwingine saa nzima.

"Hata mahakamani sikukaguliwa hivi," mgeni mmoja aliwahi kulalamika.

"Kule ulikuwa na wakili," alimjibu. "Huku una mimi tu."

Hakuficha kilichomfanya awe hivyo. Miaka kumi na tisa nyuma, akiwa msaidizi mpya, alishuka kisiwani na suruali aliyopalilia nayo bustani ya mama yake siku moja kabla. Viatu alivisugua vizuri. Pindo la suruali hakulikumbuka. Mwaka uliofuata nyasi za bustani ile ile ziliota kwenye mteremko wa magharibi. Changarawe ikafunikwa, ndege wakauhama upande ule. Tangu hapo, kila msimu alipiga magoti akazing'oa kwa mkono, na kila msimu zikaota tena. Mumewe alizoea kumtania, "Wenzako wana mashamba ya urithi, wewe una shamba la dhambi." Alicheka naye, ila akibaki peke yake jikoni kicheko hakikukaa.

Siku ya kisa hiki injini ilisumbua, wakachelewa kuondoka kwa saa mbili. Walipofika, nahodha aliyatazama maji, akasema bahari inajaa na baada ya saa moja jiwe la kushukia litakuwa limezama. Chomboni walikuwamo wanafunzi kumi na wanne, mhadhiri wao, na meneja mpya wa kampuni iliyomwajiri Mama Brashi, aliyekuja kujionea mwenyewe.

"Mama, leo tuliache hilo beseni," meneja alisema kwa sauti ya chini. "Wakianza kusugua, hawashuki."

"Basi hawashuki."

"Wamesafiri siku mbili hawa!"

"Na ndege wale wapo hapo tangu babu wa babu yako hajazaliwa. Sasa nani amsubiri mwenzake?"

"Usinitungie mashairi, mama yangu." Meneja akamgeukia msichana aliyeshika kamba. Alikuwa mpwa wake Mama Brashi, binti wa kaka yake aliyeishi kwake, na huu ulikuwa msimu wake wa tatu kama msaidizi. "Wewe binti, kibali cha kushusha wageni unacho. Washushe."

Msichana alitazama maji, akamtazama shangazi yake. "Bosi, nikishusha viatu hivi, nyumbani nitakuwa naingilia dirishani."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Meneja hakucheka.

"Mama, ukikataa, msimu huu umekwisha kwako. Umenisikia?"

Mama Brashi alikuwa na miaka hamsini na miwili, goti moja bovu, na hakujua kazi nyingine ambayo angeamka kwa hamu kuifanya. Akaliburura beseni hadi kwenye upenyo wa kushukia, palipotosha mtu mmoja tu, akakaa nyuma yake.

"Nimesikia. Mpaka turudi bandarini, kiongozi wa safari ni mimi. Haya, nani anaanza?"

Mhadhiri akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Wanafunzi wakafuata, wengine wakinuna waziwazi.

Walipomaliza, Mama Brashi aliyachuja maji kwa kitambaa cheupe, akakitandaza kwenye benchi. Wakahesabu pamoja: mbegu thelathini na saba, na siafu mmoja aliyetoka kwenye pindo la suruali, bado akitembea.

"Huyu mmoja angefanya nini?" mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza.

"Mmoja huenda angekufa tu. Wakifika wengi, huwala makinda wangali kwenye kiota. Nami sijui ni safari ipi italeta wengi."

"Nimekuja kuona ndege," kijana mmoja akanung'unika, "naoneshwa uchafu wangu mwenyewe."

"Una bahati. Wengi hawaoneshwi."

Jiwe la kushukia likazama wakiwa wanachora mbegu zile madaftarini, moja moja, kwa ukubwa wake. Ndege waliwaona kwa darubini, vidoa vya kahawia vikikimbia juu ya weusi. Hakuna aliyeshuka.

Jioni, ofisini bandarini, meneja alimsukumia barua mezani. Sababu ya kumsimamisha ilikuwa mstari mmoja: *Amekataa kushusha wageni.*

Mama Brashi aliisoma mara mbili akiwa amesimama.

"Hii sentensi haijaisha," akasema. Akachukua kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake: *wenye soli chafu.* Chini yake akatia sahihi.

"Umeniharibia barua!"

"Andika nyingine, mwanangu," alisema, akivuta kiti. "Nami nitaimalizia. Wino upo."