Karatasi Iliyokosa Mwenyewe

Washairi wa Likasi ni watu wa kujipenda kupita kiasi, na kwa kuwa mimi ni mmoja wao, nina haki ya kuwasema. Tuko tisa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuchapishwa popote, isipokuwa mwalimu wetu, ambaye quatrain yake moja, ubeti wa mistari minne, ilitokea nyuma ya kalenda ya duka la nguo za harusi, naye hajatuacha tusahau. Kila Jumamosi saa tisa alasiri tunakutana katika chumba nyuma ya kanisa, kule Shituru. Upande wa pili wa ukuta kwaya inafanya mazoezi, kwa hiyo kila shairi letu, hata liwe la huzuni namna gani, linasomwa pamoja na aleluya.

Tuna sheria moja kubwa: hakuna anayesoma shairi lake mwenyewe. Zamani kila mtu alisoma la kwake, mpaka Jumamosi moja mwalimu aliposoma kwa saa nzima na robo, na mama mmoja mwenye saluni akasinzia mbele yetu sote akaanguka kutoka kwenye kiti. Tangu siku hiyo tunaweka mashairi yetu ndani ya farde ya kijani, ile ya karatasi ngumu wanayobebea wanafunzi, nayo inazunguka nyumba kwa nyumba. Unachagua shairi la mwenzako lililokugusa, unalinakili kwa mkono wako, unakuja kulisoma bila kusema ni la nani. Mtu aliyekaa kushoto kwako ndiye anayeanza kutoa maoni, kisha wengine wote. Mwenye shairi anakaa kimya, uso mkavu, hata akitukanwa. Mwishoni msomaji anainua karatasi na kuuliza, "Mwenyewe?" Hapo mwenyewe anasimama, anajibu "Niko!" kama mwanafunzi anayeitwa kwenye orodha ya darasa, na kupewa ile nakala aende nayo nyumbani.

Fotokopi imekatazwa. Sheria hii iliniuma kuliko wote, maana mimi ndiye mwenye mashine ya fotokopi, mbele ya ofisi ya komini. Siku nzima ninanakili vyeti vya kuzaliwa vya watu, na jioni wenzangu wananiambia ya kwamba nakala ya mashine haina upendo.

Sasa niseme ukweli kuhusu upendo huo. Nusu yake ilikuwa njama. Mwalimu alinijia kwenye mashine yangu akijifanya ana karatasi ya kunakili.

"Weye unichukue hii juma," akaninong'oneza, "minye nitakuchukua hii yenye kuya."

"Utasema nini juu yangu?"

"Nitasema iko profonde."

Tulikubaliana. Kwa miaka minne alisema niko profonde, yaani nina kina, nami nikasema yeye ana mdundo, na sote wawili tulirudi nyumbani na rundo la karatasi za kutusifu. Nilizibandika ukutani. Mke wangu aliuliza kama nimegeuka kuwa ubao wa matangazo.

Mtu mmoja tu hakuingia katika biashara hiyo. Alikuwa mama mwenye miaka zaidi ya sabini, binti wa Mkasai aliyeletwa huku zamani kufanya kazi ya migodi. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya sekretari maisha yake yote, akiandika barua za wakubwa kwa steno, yale maandishi ya haraka yenye vikulabu ambavyo hakuna mwingine kati yetu aliyeweza kuvisoma. Alipostaafu mkono wake haukujua kustaafu. Tulipozungumza yeye aliandika. Tulipobishana aliandika. Siku moja mzee wa fondri, aliyeyeyusha shaba miaka thelathini na sasa anaandika mashairi juu ya tanuri lake kana kwamba ni mchumba, alipiga chafya mara tatu mfululizo, nikaona kalamu ya mama yule ikienda mara tatu.

Alipochagua shairi la mtu, mtu huyo alitembea juma zima akiwa mrefu zaidi. Hakusifu sana. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayehakikisha barua kabla ya kuipeleka kutiwa sahihi, na ukasikia shairi lako kwa mara ya kwanza. Mzee wa fondri alichaguliwa mara sita. Mama wa saluni mara tano. Hata mwalimu alichaguliwa mara moja, tena shairi fupi, jambo ambalo lilimshangaza yeye kuliko sisi.

Mimi, sifuri. Miaka minne, Jumamosi baada ya Jumamosi, sifuri. Niliona wivu mpaka nikaona haya kuuona. Basi nikaandika shairi kubwa la kummaliza mama huyo, juu ya mto Lufira, beti ishirini na mbili, lenye maneno niliyoyatafuta katika kamusi usiku na mchana. Maporomoko ya Mwadingusha niliyaita "machozi ya miungu ya fedha". Niseme tu kwamba Mwadingusha nilifika mara moja, na wenzangu wa shule, na ninachokumbuka ni kwamba nilitapika ndani ya gari kwenda na kurudi. Shairi halikutaja matapishi. Nililiweka katika farde, juu kabisa, na kila lilipozama chini nililirudisha juu.

Ndipo mama yule wa steno akatutangazia kwamba anahama. Magoti yalikuwa yamemkataa, na binti yake aliyeko Lubumbashi anakuja kumchukua. Jumamosi inayofuata itakuwa ya mwisho.

"Nitasoma moja ya mwisho," alisema. "Ile nilikuwa naweka."

Nikaanza kukisia. Kwa nini mtu aweke shairi, kama si kubwa? Kuna kubwa gani katika farde kuliko Lufira yangu? Juma hilo sikunakili hata cheti kimoja bila kukipindua. Mteja mmoja alirudi na karatasi zake akilalamika kwamba cheti cha mtoto wake kimetoka bila kichwa. Nilimwomba radhi huku nikifikiria namna nitakavyosimama: nisiharakishe, niache "Niko" yangu ikae hewani kidogo. Nilinyoa ndevu. Nilivaa koti.

Jumamosi ilipofika nilikwenda mapema nikaketi kushoto kwa kiti cha mama yule, mahali pa mtu anayeanza kutoa maoni. Kwa kawaida mwenye shairi akikaa hapo anasema maneno mawili ya kupoteza watu, halafu anawaachia wengine wammwagie sifa. Nilikuwa nimeyaandaa hayo maneno mawili. Mama wa saluni alileta beignets, maandazi ya mafuta, kwa ajili ya kuaga. Mzee wa fondri alikuwa amevaa tai, jambo ambalo tulidhani hufanya kwenye misiba tu.

Mama yule wa steno alivaa miwani, akafungua karatasi, akasoma mstari wa kwanza.

"Courant ikikatika..."

Sikusikia mengine. Nasema kweli, sikusikia. Niliposikia courant nilijua si Lufira, na masikio yangu yalijifunga yenyewe kwa hasira. Courant! Sisi watu wa Likasi tunakatiwa umeme mara nyingi hivi kwamba kila mtu aliyekosa la kuandika anaandika délestage, huo mgao wa umeme: mishumaa, giza, friji inayolia maji, samaki aliyeharibika. Ndani ya farde mlikuwa na mashairi ya délestage ya kutosha kuwasha mji. Na hili sikuwa nimeliona humo, kwa hiyo nikadhani kuna mjanja aliyempelekea nyumbani kwake kwa siri, akanipiga chenga. Nilianza kuwakagua mmoja mmoja kutafuta uso wa mwizi. Sauti yake iliendelea, kwaya iliendelea, kisha akanyamaza na kunigeukia.

"Weye njo wa kwanza, mwana wangu."

Ningeweza kusema maneno mawili. Nilisema mia mbili.

"Mama, na respect yote," nilianza, "minye nachoka na ile mambo ya délestage. Kila muntu mwenye anakosa kitu ya kuandika, anaandika courant. Huyu muntu hana kitu ya kutuambia. Iko analia mu giza juu tumusikilie huruma. Hakuna image, hakuna rime, hakuna kitu. Facture ya courant iko na poésie kupita hii!"

Nilizoea kuchekwa. Mimi ndiye mchekeshaji wa kikundi, na sentensi ile ya facture, bili ya umeme, ilikuwa nzuri. Hakuna aliyecheka. Mama wa saluni alishika beignet bila kuila. Mwalimu, rafiki yangu wa njama, alitazama viatu vyake. Mzee wa fondri alinitazama mimi, na ule haukuwa uso wa kukasirika, ambao ningeuelewa.

"Wengine?" mama yule akauliza.

Wote wakatikisa vichwa. Akainua karatasi.

"Mwenyewe?"

Nilitazama huku na huku nimjue adui yangu. Nyuma ya ukuta hata kwaya ilikuwa imepumzika.

"Mwenyewe wa hii karatasi?"

Hakuna aliyesimama. Nilifikiri: nimemwaibisha, mwoga, ameogopa kujitokeza. Niliona fahari kidogo, Mungu anisamehe.

"Basi nitaisoma tena," akasema mama yule. "Pengine kama anasikia vizuri, atajijua."

Akasoma, polepole, safari hii akinitazama juu ya miwani kila mwisho wa mstari.

"Courant ikikatika, mama anatuita na majina, moja moja,
sawa vile giza inaweza kubeba mumoja wetu.
Kila mutoto anajibia: Niko.
Yaya alikuwa wa kwanza. Alienda kuchimba, shimo ikamubakisha.
Mama angali anamuita wa kwanza.
Anangojea kidogo, muda wa muntu kusema Niko.
Kisha anaita jina yangu.
Minye najibia kwa nguvu, kwa wawili."

Nilijua kuanzia mstari wa pili. Ilikuwa nyumbani kwetu. Yaya ni kaka yangu mkubwa, aliyefukiwa shimoni mgodini. Mama ni mama yangu mzazi, ambaye mpaka leo umeme ukikatika wakati wa chakula anaita majina yetu sote kwa mfuatano wa kuzaliwa, na la kaka yangu haliruki.

Ila sikuwa nimeliandika kamwe. Hilo ndilo lililonichanganya, mpaka nikakumbuka. Miaka miwili nyuma mzee wa fondri alichaguliwa kwa shairi lake la taa iliyozimika, na zamu yangu ya kutoa maoni ilipofika nilianza kumtania kama kawaida, nikasema na sisi kwetu umeme ukikatika ni vituko, mama yetu anatuita majina. Nilitaka kuchekesha. Kisha kinywa kiliendelea chenyewe mahali ambapo sikukituma. Nilipotambua ninachosema nilikata, nikatupa mzaha mmoja, tukaenda kwa mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikasahau; wenzangu hawakusahau. Mimi huongea sana, siwezi kuyaweka yote.

Yeye aliyaweka. Alikuwa ameyaandika kwa vile vikulabu vyake, neno kwa neno, kisha akayatoa katika steno akayapanga mistari. Hakuongeza kitu. Niliomba baadaye anionyeshe daftari, naye akanisomea: pamoja na mzaha wangu wa mwisho, ambao katika shairi aliuacha nje.

Nilitaka sakafu ya kanisa inimeze na koti langu. Nilikuwa nimesema huyu mtu hana kitu cha kutuambia. Nilikuwa nimesema analia gizani ili aonewe huruma. Nilimsema hivyo kaka yangu, na mama yangu, mbele ya watu wanane, kwa sababu tu shairi halikuwa la Lufira.

"Mama," nilisema, "minye sikuandika ile."

"Njo sababu iko muzuri," akajibu. "Zile unaandika, zote zinavaa koti. Miaka ine minye natafuta moja mwenye weye mwenyewe uko ndani. Nilipata paka hii moja tu."

"Na Lufira?" Niliuliza hata hapo. Ndivyo nilivyo.

"Lufira niliisoma yote," akasema, na mama wa saluni akakohoa ndani ya beignet yake. "Iko na maji mingi."

Hapo wakacheka, wote, nami nilishukuru kwa kicheko hicho kuliko sifa zote za mwalimu. Lakini karatasi ilikuwa bado juu, mkononi mwake, na mkono ule wa miaka sabini na zaidi ulianza kushuka kwa kuchoka. Sheria ni sheria. Alivua miwani.

"Mwenyewe?" akauliza kwa mara ya tatu.

Nilisimama. Ile "Niko" niliyoifanyia mazoezi juma zima mbele ya kioo, ya kukaa hewani, haikutoka. Kilitoka kitu kidogo, cha mwanafunzi aliyechelewa darasani.

"Hatukusikia," akasema mzee wa fondri, kwa upole.

"Kwa nguvu," akasema mama yule. "Vile unajibiaka kwenu."

Nikavuta pumzi, nikajibu kwa wawili. Nyuma ya ukuta kwaya, iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza tena, ikanyamaza yote.