Msiba wa Diana wa Kidahwe

Pale Kibirizi, kwenye soko la dagaa kando ya ziwa, kila mtu alijua kwamba Rozalia hulia. Utamkuta ameinama juu ya kichanja chake cha kuanikia, anageuza dagaa, waya wa hedifoni umepita chini ya kitenge alichojifunga kichwani, mara anafyonza, mara anacheka peke yake, mara machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hana habari ya kuyafuta.

"Mama Esther, hao dagaa hatukukubaliana watiwe chumvi," Marcelina, Mama Bariki, alimtania kutoka kichanja cha jirani.

"Niache mie. Huyu mwanamume anamtesa mwenzie."

"Mwanamume gani?"

"Wa humu," akajibu Rozalia, akigusa sikio.

Zilikuwa simulizi za sauti, zile ambazo fundi simu wa pale sokoni huwaingizia watu kwenye kadi za simu, wiki hadi wiki sehemu mpya. Rozalia aliishia darasa la saba na kitabu kilikuwa kikimtia usingizi ukurasa wa pili, lakini sauti ya mtu anayesimulia hakuiweza. Ilimwingia mzima mzima. Mumewe alishafariki, binti yake Esther yuko bweni huko Kasulu, na nyumba yao ya Buzebazeba ilikuwa kimya kiasi kwamba hata panya walionekana kuihama. Basi akaijaza watu wa kwenye simu. Aliwapenda, aliwachukia, aliwatukana kwa majina yao. Kuna wakati mke mwenza mmoja katika simulizi alitiliwa sumu kwenye chai, na Rozalia alishindwa kunywa chai siku ile nzima. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Naye akacheka, maana alijijua.

Kisha akaja Diana.

Diana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi, mwenye wivu kidogo, anayeipenda pilau ya mama mkwe wake ingawa na mama mkwe mwenyewe hawapatani. Rozalia alimpenda tangu sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya nne Diana akaenda kuoga, na katika kujisugua mkono wake ukakutana na kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Akasimama na sabuni mwilini. Akavaa, akatoka, akamwandalia mumewe chakula, na hakumwambia neno.

Rozalia aliposikia hivyo aliacha kugeuza dagaa. Mkono ulibaki juu ya kichanja, umeshika samaki wasiojua pa kwenda. Akairudisha nyuma simulizi, akasikiliza tena. Akairudisha tena.

Tusizungushane. Rozalia naye alikuwa nacho. Kwake kilikuwa titi la kulia, upande wa kwapani, na kilikuwepo tangu kabla mvua za masika hazijaanza. Mwanzoni kilikuwa kama punje ya harage. Sasa kilikuwa kikubwa kiasi cha kumfanya alalie ubavu mmoja tu. Hakumwambia binti yake, hakumwambia padri, na Marcelina, ambaye waliambiana mpaka mambo ambayo watu hawaambiani, hakumwambia pia. Dada yake mkubwa alikuwa na kitu cha namna hiyo hiyo. Alikwenda hospitali akitembea kwa miguu yake, akapewa rufaa ya Mwanza, akarudi ndani ya sanduku. Tangu hapo Rozalia aliamini, tena kwa ukaidi ambao hata malaika asingeuvunja, kwamba kinachoua si ugonjwa. Kinachoua ni kuambiwa.

Lakini Diana, huyo Rozalia alimtaka aende hospitali! Hapo ndipo mtu angeweza kucheka kama jambo lenyewe lisingekuwa la kuliza. Kila siku pale kichanjani aligombana naye. "Nenda, we mwanamke! Unangoja nini? Unamwogopa mume au unakiogopa kifo?" Alisema kwa sauti, na mbeba mizigo mmoja aliyekuwa akipita na gunia kichwani akageuka akamjibu kwamba yeye haumwi, ahsante. Rozalia hakucheka. Alikuwa na hasira ya kweli. Jioni, akiwa nyumbani, alivua blauzi na kujitazama, kisha akaivaa haraka na kuwasha simu.

Alhamisi jumuiya yao ya kanisani ilikutana kwa Mzee Telesphory, mwenyekiti. Walisali, wakasoma, wakafika kwenye nia za maombi. Mmoja aliombea mtihani wa mwanawe, mwingine aliombea mashua ya shemeji yake iliyoharibika injini huko kusini ya ziwa. Ikawa zamu ya Rozalia, na kabla hajajua anasema nini, mdomo ulishasema.

"Tumwombee Diana. Ana uvimbe kwenye titi. Hajamwambia mtu yeyote na anaogopa sana. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote.

Jamani, jinsi lile itikio lilivyomwingia! Miezi yote ile hapakuwa na mtu wa kumwombea, maana hapakuwa na aliyejua, na sasa watu chumba kizima walikuwa wamemnyooshea sauti zao bila kumwona. Aliinamisha kichwa akalia kimya kimya, kilio ambacho hakikuwa cha simulizi hata kidogo.

Walipomaliza Mzee Telesphory akauliza, kama ilivyo wajibu wa mwenyekiti, "Huyo Diana ni nani kwako, mama?"

"Ndugu yangu."

"Yuko wapi?"

Sasa mtu mwenye akili zake angesema Dar es Salaam. Angesema Mbeya. Angeweza hata kuvuka maji akasema Kalemie, nani angekwenda kuhakikisha? Rozalia, kwa kuwa hakuzoea uongo, akasema, "Kidahwe."

"Kidahwe hapa?" Marcelina akaruka. "Si ni hapo tu barabara ya Kasulu! Basi twende tukamwone."

Jumuiya ile haikuwa ya kuombea mgonjwa kwa mdomo mtupu. Mgonjwa hutembelewa; hupelekewa unga, maharage, sukari na kipande cha sabuni, na wanawake humfagilia uwanja na kumchotea maji. Wasipofanya hivyo huona wamemdanganya Mungu. Kwa hiyo kila Alhamisi walimwombea Diana, na kila Alhamisi Marcelina aliuliza lini. Rozalia akawa anatunga. Diana amehamia kwa mama mkwe. Diana ana aibu, hataki wageni. Diana amekwenda kwa mganga, tungoje arudi. Alitunga vizuri kuliko yule msimuliaji wa kwenye simu, na aliuchukia kila uongo. Lakini itikio lile hakuweza kuliacha. Waliposema "twakuomba utusikie" mkono wake ulikwenda wenyewe kwapani, ukakaa pale mpaka amina.

Akajiwekea nadhiri moja ya kijinga, na hakumwambia mtu. Diana akienda hospitali akapona, naye atakwenda. Aliyaweka maisha yake yote mikononi mwa mtu asiyemjua, aliyekaa na maikrofoni mjini, ambaye pengine alikuwa bado hajaamua amfanye nini yule mwalimu.

Sehemu ya mwisho aliisikiliza kichanjani, jua likiwa limeshapanda. Msimuliaji, ambaye siku zote huenda mbio, safari hii alipunguza mwendo. Mume alikiona kile kitu mwenyewe. Akalia, akamfunga mkewe khanga, akampeleka. Daktari akawatazama wote wawili, akasema, mama, umechelewa. Wanafunzi wa Diana walichuma maua wakaenda kumwona, wakakuta kitanda kimetandikwa upya.

Rozalia alipiga ukelele ambao Kibirizi nzima iliusikia. Alianguka, akaangukia kichanja, dagaa wakamwagika mchangani naye akawa juu yao anajigaragaza. "Mawe! Mawe we!" alimlilia mama yake kwa lugha ya nyumbani. "Amekufa! Diana amekufa!"

Marcelina alifika wa kwanza. "Diana wetu?"

Rozalia aliitikia kwa kichwa. Kwa wakati ule hakuwa anadanganya. Kwake hapakuwa na Diana mwingine.

Msiba ukaanza, na msiba ukishaanza hauna breki. Wanawake walijifunga khanga viunoni. Wengine wakabaki kumwokotea dagaa wake na kumgeuzia, wengine wakamkokota mpaka Buzebazeba. Hata hajavuliwa viatu, mikeka ilishatandikwa uani, kuni zimefika, sufuria kubwa ya jumuiya imebebwa na wawili. Mzee Telesphory aliazima gari la kubebea dagaa kwa tajiri mmoja wa sokoni na sasa lilisimama nje, limefagiliwa, limetandikwa turubai, linangoja kuwapeleka watu mazishini. Wanakwaya walikaa ukutani wakaanza wimbo wa marehemu, taratibu, sauti ya kwanza na ya pili.

Rozalia alikuwa chumbani, kitandani, amejikunja. Aliusikia ule wimbo. Ulipita dirishani kila neno. Alijua ndivyo watakavyomwimbia yeye, kwa sauti hizi hizi, kwenye ua huu huu, na Esther ataletwa kutoka shule bila kuambiwa sababu mpaka aione mikeka. Akaziba masikio kwa mito. Wimbo ulipita humo pia.

Marcelina akaingia, akafunga mlango. "Mama Esther, jikaze. Mzee anauliza mazishi saa ngapi, na ni upande gani wa Kidahwe. Dereva anataka kuondoka."

"Mwambie azime gari."

"Kwa nini?"

"Hakuna Diana."

Marcelina alidhani ni uchungu unaosema. Akaketi kando yake, akamshika bega. "Ndiyo, mpenzi wangu. Ametangulia."

"Hapana. Sikiliza, Mama Bariki. Hakuna Diana. Hakuwahi kuwepo. Ni wa kwenye simu."

Huko nje kwaya ilimaliza ubeti ikaanza mwingine. Marcelina aliutoa mkono wake begani polepole, uso ukambadilika, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo kwa hasira.

"Nimepiga magoti. Mimi, na magoti yangu haya mabovu. Mzee Telesphory amefunga kula siku nzima kwa ajili yake. Nimemwekea sukari, Rozalia, na mimi nakunywa chai bila sukari! Kwa mtu wa hedifoni?" Alikuwa hamwiti tena Mama Esther. "Watu wako uani wanalia machozi ya kweli. Nitatoka niwaambie nini? Umetufanya wajinga mbele ya Mungu!"

Kwa miezi yote ile Rozalia aliogopa neno tu. Alifungua vifungo vya blauzi, akauchukua mkono wa Marcelina, mkono mgumu wenye magamba ya dagaa, akauweka pale.

Marcelina alitaka kuuvuta. Kisha hakuuvuta. Vidole vyake vilikwenda juu ya kile kitu, vikakizunguka, vikapanda kwapani, na huko vikakuta kingine. Rozalia alimtazama usoni muda wote, kama mtu anayemtazama daktari, na alichokiona usoni mwa rafiki yake ndicho alichokuwa akikikimbia tangu kabla ya masika.

"Tangu lini?" Marcelina akauliza.

Akasimama, akajifuta macho kwa pindo la khanga, akatoka uani. Rozalia alimsikia akiwaambia wanakwaya wanyamaze. Alimsikia Mzee Telesphory akiuliza maiti iko wapi.

"Hakuna maiti, mzee," Marcelina akasema. "Yupo mgonjwa. Yumo humu ndani. Gari lisizimwe."

Hawakumsomea mashtaka. Labda baadaye. Wakati ule walimvalisha tu, mmoja akamtafutia kadi ya kliniki, mwingine akamfunga viatu kama mtoto. Walimketisha mbele, kwenye kiti walichokuwa wamemwekea mfiwa, Marcelina akabanana naye upande wa mlango. Wengine walipanda nyuma juu ya turubai, maana walishajiandaa kwenda mahali na hakuna aliyekubali kubaki. Gari halikushika barabara ya Kasulu. Lilishuka kuelekea mjini.

Rozalia hakuondoa macho barabarani.

"Diana walimwambia amechelewa," akasema.

"Diana si mtu," Marcelina akamjibu, bado ana hasira, bado amemshika mkono. "Diana ni maneno. Aliyeyatunga angetaka angemponya."

"Najua," akasema Rozalia. "Mimi ni mtu."

Na kwa hilo akaogopa kuliko siku zote.