Kitenge cha Kubebea Mtoto

Mpaka leo nikikumbuka kikao kile damu inanichemka, na hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sekretere na uamuzi uliandikwa kwa mkono wangu.

Sisi akina mama wa parokia, hapa Ndosho mjini Goma, tuna kitenge chetu cha sikukuu chenye picha ya Bikira Maria. Hakiendi sokoni, hakiendi shambani, na ukikichafua utasemwa mwezi mzima. Akina mama wa parokia nyingine za jimbo wanacho hicho hicho, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mama mmoja alikimbia vita kutoka mji wa Kiwanja, amembeba mtoto mchanga mgongoni kwa kitenge hicho. Hakupata nafasi ya kuchukua kingine. Alifikia kambini Mugunga, na kila asubuhi alikuja mtaani kwetu kuwafulia watu nguo, mtoto mgongoni, Bikira Maria amelowa mkojo na vumbi jeusi la volkeno.

Prezidenti wetu, mwenyekiti wa akina mama, alisema yule mama anatuaibisha mbele ya Waprotestanti. Alisema hivyo baada ya kufungua kikao kwa sala ndefu, macho ameyafumba, akimshukuru Mungu kwa neema aliyompa bure bila yeye kustahili. Machozi yalimtoka kweli. Amina yake haijapoa, akataka tuamue: mama wa Kiwanja aache kubebea mtoto kitenge cha parokia, la sivyo asiingie katika mstari wetu siku ya sikukuu. Na prezidenti huyu, volkeno ilipolipuka, alikimbia na gauni la kulalia tu, akapokewa na watu huko huko Kiwanja, wakamlisha na kumlaza bila kumuuliza anasali wapi. Alikuwa akitusimulia mwenyewe. Alipewa bure, akaenda kukifungia kabatini alichopewa. Sote tulijua. Sote tuliinua mikono kukubali, na mimi nikiwemo.

Nikatumwa kumwambia. Nilimkuta bombani akisuuza mashuka ya watu. Nikazungukazunguka, nikamuuliza habari za afya, nikamsifia mtoto, mwisho nikasema nilichotumwa. Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Alikausha mikono, akaniuliza:

"Mama, nikiacha hiki, mutoto nitamubeba na nini?"

Nikamjibu kwamba tutaona. Neno hilo tunalipenda sana hapa Goma. Mtu hulisema akiwa ameshageuza mgongo. Nikaenda zangu nyumbani kupika maharage.

Siku ya sikukuu tulikuwa tumeshapanga mstari mlangoni mwa kanisa yule mama alipofika. Kitenge kimefuliwa, kimepigwa pasi sijui kwa nani, amekifunga vizuri kifuani. Mgongoni hakuna mtoto. Prezidenti akamkumbatia, akatuambia tutazame utii ulivyo. Wengine wakapiga vigelegele. Mimi nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Nimemuacha kambini na dada yake," akasema, kisha akashusha sauti. "Nilitaka munikubali."

Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka. Doa likatanuka juu ya picha, prezidenti akaliona, akamwambia ajifunike kwa mkono. Uvumilivu ukaniishia. Nikamshika yule mama, nikamtoa mstarini.

Prezidenti akauliza tunaenda wapi na misa inaanza.

"Mutoto anataka kunyonya," nikamwambia. "Misa ianze."

Tukapanda moto, pikipiki ya kukodi, wawili nyuma ya dereva. Njia nzima nilikuwa nagomba peke yangu. Kama Mungu angetupenda kwa masharti tuliyomwekea mama huyu, nani kati yetu angesimama katika mstari ule? Tulikuwa tunaimba neema kwa sauti nne, na mtoto wa Mugunga analipia uzuri wa nguo zetu.

Tulimkuta amelia mpaka sauti imekauka. Dada yake, ambaye hajafika hata miaka saba, alikuwa akimtikisa huku na yeye analia. Mama akaketi juu ya mawe, akamnyonyesha. Nikavua kitenge changu cha juu, kile tunachojifunga juu ya kingine kama kila mama hapa kwetu, nikampa ambebee mtoto. Alinishukuru mara nyingi, nami nilishindwa kumtazama usoni. Siku ile bombani pia nilikuwa nimejifunga viwili.