Waya Uliobaki Chini ya Mbao

Shakila binti Sefu ananisumbua. Kila akipita kwangu ni, "Bibi, andika habari za baba." Mimi kuandika nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, tena niliacha kabla hakijaisha, kwa sababu mwalimu alinisahihisha mbele za watu. Mkono wangu ni wa jembe. Waliosoma wamejaa hapa Songea, yeye kanichagua mimi. Haya, naandika mara moja, na asije mtu kunirekebishia maneno.

Sefu alikuwa fundi waya. Si fundi injini. Ukimwomba akukazie hata nati ya tairi alisema, "Hiyo ina wenyewe." Yake ni taa, honi, starta, na gari linalokula betri. Kwao Nakapanya, kwenye mikorosho, ila maisha yake yote ya kazi alikaa Mfaranyaki, hapa hapa Songea, kibanda cha mabati kando ya barabara. Mtu mrefu, mkimya. Gari likiletwa hakufungua boneti kwanza, aliuliza, "Lilikuwa limebeba nini lilipozima?" Watu walimcheka. Gari linaumwa umeme, yeye anauliza mzigo!

Hata mimi nilimcheka, mpaka msiba wa mdogo wangu Lidwina.

Lidwina alifia hospitali, hapa mjini. Akiwa kitandani aliniambia, "Dada, usinirudishe kwetu Lusewa kwa gari la kukodi. Nirudishe kwa gari la shemeji." Shemeji yake ndiye marehemu mume wangu, Emiliani. Aliniachia Landrova ya pikapu, ya zamani, aliyobebea tumbaku miaka yote, na Lidwina alizoea kupanda nyuma huko akiimba njia nzima. Nikamwambia nitakurudisha. Mimi nikisema nimesema.

Basi tukapakia jeneza, ndugu wakapanda, mwanawe Lidwina, Leodegari, akashika usukani. Lusewa kaburi limeshachimbwa, padri anasubiri, inatakiwa azikwe kabla jua halijazama. Hata mjini hatukutoka. Gari likazima. Leodegari akafungua kisanduku cha fyuzi, akakuta fyuzi ya pampu ya mafuta imeungua. Watu wakashuka, akaweka nyingine, gari likanguruma vizuri kabisa. Watu wakapanda, likazima tena, na fyuzi imeungua tena. Mtoto kafiwa na mama, akili imeruka, akaokota msumari akaupachika mahali pa fyuzi. Tukasogea kidogo, moshi ukatoka chini ya dashibodi na harufu ya plastiki. Nikapiga kelele. Jeneza la mdogo wangu liko juu ya tangi la petroli!

Wakalisukuma mpaka kwa Sefu.

"Shikamoo, bibi Monika. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Pole haiwashi gari."

Sefu akaenda nyuma, akasimama karibu na jeneza, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, unisamehe, nitakusumbua kidogo." Nilisikia. Ndugu nao walikuwa wananong'ona kwamba tukodi Fuso. Hao pia nikawasikia. "Atakayemshusha Lidwina," nikasema, "aanze kunishusha mimi."

Sefu akaung'oa ule msumari, akaugeuza mkononi. "Huu ni wa kujengea, kaka," akamwambia Leodegari, tena kwa upole. "Fyuzi huungua ili wewe usiungue. Msumari hauungui. Utaungua waya, halafu gari, halafu waliomo." Akautupa ndani ya kopo lake la maziwa. Nikachungulia, lilikuwa na misumari mingine ya namna hiyo, na vikaratasi vya kung'aa vya ndani ya pakiti za sigara, vyote alivyotoa kwenye magari ya watu.

"Lilikuwa limebeba nini lilipozima?"

Safari hiyo hakuna aliyecheka. Tukamweleza.

Akachomoa waya kule mwisho, kwenye pampu. Mahali pa fyuzi akaunganisha taa yake ya kupimia, globu ya indiketa yenye nyaya mbili. "Kule nimeshakata," akasema. "Hii haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, umeme umetoroka njiani, unagusa bodi." Akawasha swichi. Taa kimya.

"Si unaona," akasema Leodegari, "waya mzima."

"Mzima likiwa jepesi." Lidwina ugonjwa ulikuwa umemmaliza, hakuwa na uzito wa kuisumbua Landrova. "Bibi, panda."

"Mimi?"

"Mwenye uzito hapa ni wewe."

"Unaniona gunia la mahindi, Myao wewe?"

"Gunia lingekuwa limeshapanda, bibi."

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Nikapanda, nikakaa sakafuni kando ya jeneza. "Sogea mbele," ananiambia. "Tena kidogo." Nilipofika usawa wa kichwa cha Lidwina, taa ikawaka. Nikajiinua, ikazima. Nikakaa, ikawaka.

Sefu akalala chini ya gari na tochi, akatoka na vumbi usoni. "Msumari wa ubao huu wa sakafu umetoboa waya wa pampu. Mtu akikaa, ubao unashuka, msumari unagusa chesisi. Tuung'oe huu mmoja tu."

"Haung'oki," nikasema.

Mbao zile alizigongelea Emiliani, mwaka wake wa mwisho. Alikuwa anagonga, anakohoa, anagonga. Hakutaka msaada wa mtu.

"Mama mkubwa, jua linakwenda!" Leodegari alikuwa karibu kulia.

"Unasema mume wangu kaharibu gari, Sefu?"

Fundi mwingine angebishana. Sefu alizitazama zile mbao, akapitisha kiganja juu ya vichwa vya misumari. "Sijasema kaharibu. Amezigonga zikashika. Zibaki."

Akaukata ule waya kwenye fyuzi na kwenye pampu, akaziba ncha zake kwa utepe. "Huu tumeuzima. Ulale hapo na misumari yake." Halafu akaanza kupitisha waya mpya ndani ya kipande cha mpira, ubavuni mwa chesisi, mbali na mbao. Sikushuka. Nilikaa pale, mkono juu ya jeneza, nikimsikia chini yetu akifunga, akivuta, akifunga. Ndugu walimhimiza, hakuharakisha. Mwisho akaweka fyuzi mpya, akasema, "Pandeni wote." Tukajaa. Injini ikaendelea kunguruma.

Tukapita Namtumbo, tukafika Lusewa jua likiwa bado juu ya mabani ya kukaushia tumbaku. Lidwina akaingia kwao kwa gari la shemeji, akazikwa kukiwa na mwanga.

Sefu naye ametangulia. Tulimzika Nakapanya. Leodegari aliniendesha kwa Landrova ileile, akataka nikae mbele. Nikakaa nyuma, juu ya mbao. Kibanda sasa ni cha Shakila, na anauliza swali la baba yake.

Sasa wewe uliyesoma. Sikuuchosha mkono wangu ili uniambie pole. Inuka, ukafungue kisanduku cha fyuzi cha gari lako. Ukikuta msumari, au karatasi ya sigara, ung'oe leo hii, uje nao Mfaranyaki umkabidhi Shakila mkononi. Kopo la baba yake bado lina nafasi.